Vitunguu vya Watu Mia Mbili

Enesi aliitambua ile sauti kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa saa saba mchana, na mgahawani kwa Mama Marta, jirani na maegesho ya malori ya Tunduma, madereva, wabadilisha fedha na akina mama waliovuka mpaka kutoka Nakonde walikuwa wanagombea viti. Sauti nene ikasema nyuma yake, "Mama, mimi wali maharage, na parachichi kama lipo."

Akageuka. Enesi alikuwa karani wa ofisi ya uwakala wa forodha. Siku hiyo alivaa blauzi nyeupe na sketi ya kitenge cha njano iliyomkaa sawasawa. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la drafti, hedifoni shingoni.

"Ni wewe unayetafsiri muvi za Kikorea?"

Kijana akatabasamu. Alishazoea mashabiki. "Ndiye mimi. Luhaga. Unataka nikutaje kwenye ijayo?"

"Nataka uache uongo."

Kijiko cha mtu kikagonga sahani. Luhaga akafuta tabasamu.

"Ile ya daktari wa meno," Enesi akaendelea. "Niliiangalia yenye maandishi ya Kiingereza. Baba anamwambia mwanawe, 'Nisamehe.' Wewe ukasema, 'Toka hapa, kojoa ukalale.'"

Benchi zima likacheka.

"Dada, watu walikuwa wanasinzia."

"Waache wasinzie! Mtu anaomba msamaha, wewe unamfanyia vichekesho?"

Luhaga akamwangalia vizuri. Tangu aanze kuweka sauti kwenye muvi, hakuna aliyewahi kumgombeza kwa ajili ya baba mmoja wa Seoul. Akamsogezea sahani ya parachichi. "Basi pita kwenye kibanda changu cha muvi. Nitakupa nyingine, nikikosea uniambie."

Alikosea, na aliambiwa. Enesi alikuwa anampigia simu wakati wa chakula cha mchana, kila siku ya kazi.

"Luhaga, ulisema hii ya Kijapani ni ya mapenzi."

"Kwani hawapendani?"

"Mmoja wao ni maiti! Anakaa ndani ya kabati la shule! Nimeshindwa hata kwenda chooni."

"Lakini anampenda, Ene. Maiti mwaminifu kama yule utampata wapi?"

Ile ya Kichina ya mapanga nayo hakuipenda. Nguo nzuri, farasi wazuri, hadithi hakuna. Jenerali mmoja alikufa mara mbili na hakuna aliyeshangaa. Ya polisi wa Hong Kong aliisifu, halafu akaisema kwa sababu mke wa polisi hakuwa na kazi yoyote isipokuwa kupika supu. Na yeye akamchagulia Luhaga moja ya polepole, ya mzee anayetengeneza miavuli.

"Nimesubiri apigane na mtu," Luhaga alilalamika. "Saa mbili, mpenzi! Hajapigana na yeyote."

"Ulilia, hukulia?"

"Kidogo tu."

Neno "mpenzi" lilipita hapo na hakuna aliyelirudisha. Kwenye simu Luhaga hakuwa na ile sauti ya muvi. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtoto wa wafugaji wa Momba, na hiyo ndiyo aliyoipenda Enesi. Siku moja Enesi akamwambia jambo ambalo hata rafiki yake Ruti alikuwa analijua nusu: miaka mitatu nyuma, kule Vwawa, siku ya sendofu yake, mchumba alituma ujumbe kwamba yuko Lusaka na hatarudi.

"Watu walidhani namlilia yeye," alisema. "Nililia kwa sababu mama alikuwa ameshakata vitunguu vya watu mia mbili."

Luhaga hakusema kitu kwa muda mrefu. Ndipo Enesi alipojua kwamba anampenda.

Wiki tatu baadaye aliingia kwa Mama Marta, akakuta televisheni inaonyesha muvi mpya. Bibi harusi wa Kikorea, gauni jeupe, ukumbi mtupu. Midomo yake ilitetemeka kidogo, na sauti ya Luhaga ikanguruma juu yake: "Simlilii mwanamume! Navililia vitunguu! Mama kakata vitunguu vya watu mia mbili!"

Madereva walicheka mpaka wakapiga meza. Enesi aliacha chakula, akatoka nje, akapiga simu.

"Yalikuwa maneno yangu, Luhaga."

"Ene, nisikilize. Niliyaweka kwa sababu ni mazuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Nilidhani nakuheshimu."

"Wanacheka! Mama yangu anachekwa na watu wanaokula makande! Uliniuliza?"

"Sikuuliza."

Akakata simu, akaizuia namba yake.

Balaa ni kwamba muvi ilipendwa. Ilifika Mlowo, ikafika Vwawa. Madereva walioleta nyaraka ofisini walitaniana dirishani, "Usilie bwana, vitunguu vya watu mia mbili!" Enesi aligonga mihuri kwa nguvu mpaka Ruti, aliyekaa meza ya pili, akamsogezea karatasi tupu agonge hizo.

Ukapita mwezi. Asubuhi moja dereva mmoja akaegemea dirisha lake, amekunja uso. "Huyu mtafsiri wenu kaharibikiwa. Ameirudia ile muvi. Sasa yule bibi harusi analia tu, hasemi kitu. Tumemwomba aturudishie ya zamani, kakataa katakata. Kibandani kwake hakuna mtu."

Enesi aliweka muhuri chini. Mchana alikwenda. Kibanda kilikuwa kitupu kweli. Luhaga alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Kwa nini umemwacha kimya?" Enesi aliuliza kutoka mlangoni.

Luhaga alisimama na ufagio wake. "Niliangalia tena yenye maandishi. Hasemi kitu, Ene. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza."

"Na wateja?"

"Wananitukana."

"Wana haki. Unaudhi."

"Najua. Nimekukosea, wewe na mama yako. Nisamehe."

Aliyasema kwa ile sauti ya chini, bila kuongeza kitu. Enesi alisubiri kidogo aone kama atatia mzaha. Hakutia.

"Bado nina hasira," alisema.

"Kaa nayo. Mimi nipo."

Alikaa nayo wiki nyingine mbili, akimgombeza kwa simu kila mchana, mpaka siku moja akagundua kwamba wanagombana juu ya rangi ya nguo za harusi yao.

Baba yake, mzee Andongwisye, alikataa kupokea mshenga kabla hajamwona kijana mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi moja walipanda mpaka Mbebe kwa wazazi, Luhaga amevaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi na Ruti. Mama wa Enesi akaweka chai ya maziwa na viazi, akakaa pembeni.

"Nasikia wewe ni msemaji sana," mzee alianza. "Unawasemea hata Wachina."

"Na Wakorea, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa niambie. Binti yangu aliwahi kuaibishwa. Huyu hapa anakutaka kweli, au umemzungusha kwa maneno?"

Luhaga alifungua mdomo. Enesi akashika kikombe kwa nguvu, akisubiri hotuba. Luhaga akaufunga mdomo, akamgeukia Enesi, akanyamaza. Mzee alikohoa. Mama aliinua macho. Luhaga hakumsemea.

"Namtaka, baba," Enesi akasema.