Rozari ya Saa Tisa

Anatoli, mlinzi wa kusindikiza malori, alikutwa Alhamisi saa kumi jioni katika msitu wa Biharamulo, ndani ya gari lake, risasi kifuani, redio ya upepo mkononi. Kesho yake Khalidi, fundi wa redio wa kampuni, alikuwa mahabusu: eti aliharibu mawasiliano. Mkaguzi Joan hakuridhika.

"Redio ililiaje?" alimuuliza Frednand, dereva wa Anatoli, aliyenusurika kwa kukimbilia vichakani.

"Kila akibonyeza, tiii, tiii. Inamkatalia. Hata mikwaruzo hakuna, afande."

Joan akamfuata Khalidi mahabusu.

"Mtu wa nje akituingilia, inakwaruza," Khalidi alisema. "Mlio ule ni ripita, mtambo wa kilimani unaorusha sauti zetu. Inasema subiri, kundi jingine linaongea. Na haimpokei asiye na namba yetu. Ni mtu wa ndani."

"Kwani kila kundi halina nafasi yake hewani?"

"Lilikuwa nayo. Doria, yaani wasindikizaji, ya kwanza; rozari ya pili. Jumatatu bosi Pancras akaagiza niyabane yote kwenye moja. Ya pili, eti ya kufuatilia magari."

"Rozari?"

"Walinzi wa vituo vya mbali husali redioni saa tisa. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, ripita inawashikia nafasi. Doria hawasikii kitu. Mimi Mwislamu, afande, ndiyo nikaonekana mbaya wao."

Kiongozi wa sala alikuwa Adelfina, mlinzi wa kituo cha Nemba. Mke wa Anatoli.

"Alhamisi ile bosi alituomba tuongeze litania," alisema. "Tuwaombee walio barabarani."

Joan akawakutanisha Pancras na Frednand.

"Nani aliwatuma msituni saa tisa?"

"Huyu," Frednand alimnyooshea Pancras kidole.

Pancras akacheka. "Afande, siku hizi kusali ni kosa?"

"Wewe hujawahi kusali nao. Uliwaongezea tu. Na nafasi ya pili ni tupu mpaka leo; hakuna gari lililofuatiliwa."

Kicheko kikakatika. "Anatoli alijua nawapa majambazi ratiba za malori," alisema hatimaye. "Angekwenda kwenu Ijumaa."

Khalidi akaachiwa. Lakini bila maelezo ya Adelfina kesi isingesimama, na mahakamani angeyasikia yote kwa wakili. Joan akamweleza mwenyewe, bila kupunguza.

"Kwa hiyo aliita?"

"Aliita, mama."

"Wakati mimi naongea."

"Ndiyo."



"Tungenyamaza kidogo tu, afande, sauti yake ingepita?"

"Ingepita," Joan alisema.