Koti la Mtu Aliyetoka Kidogo

Wewe, umewahi kuingia ofisi ya serikali ukakuta koti kwenye kiti, ukaambiwa mwenyewe "ametoka kidogo"? Ulingoja masaa mangapi? Basi sikiza yaliyompata Waceke, aliyelibeba koti kama hilo kwa mikono yake mpaka nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tisa. Waceke alikuwa na degree ya hesabu, honours, na katoni nzima ya barua za "we regret". Kila pahali Eldoret waliuliza: unajua kompyuta? Mtu ajulie wapi, kwa shamba la mahindi? Akaamua kujiundia yake, nyuma ya duka la mamake kule Yamumbi. Sanduku alikatiwa na fundi wa jua kali kutoka kwa pipa la mafuta. Feni aliitoa kwa heater ya lori lililokufa. Bodi, diski, kibodi, printa na skrini alizipata kwa mnada wa ofisi moja ya serikali mjini, vyuma chakavu vya kuuzwa kwa kilo.

"Funga skrini na hili koti isivunjike," akasema Obiero, tarishi wa hapo.

"Ni la nani?"

"La mwenye kiti. Alitoka kidogo." Hakumwangalia usoni.

Lilikuwa koti la sufu, la kijivu, zito. Waceke alipofika nyumbani akalitundika kwenye kiti, mbele ya meza ya kompyuta. Hapo ndipo alipokosea. Nchi hii nani hajui? Koti likiwa kwa kiti, mwenyewe yuko kazini.

Siku ya nne ya kuchomelea nyaya, skrini ikawaka kijani. Waceke alipiga ukelele mpaka wateja wakatoka mbio. Shule moja ya kule Ziwa ilikuwa imemwahidi kazi ya kudumu akipiga chapa mitihani yote na kuipeleka Ijumaa, kabla ya saa kumi.

Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, akiwa uani anaosha sufuria, akasikia kibodi ikigonga. Akadhani ni mamake. Mamake alikuwa kwa kaunta, anapima sukari. Chumbani hakukuwa na mtu, harufu tu ya sigara na sufu iliyonyeshewa, na kwenye skrini, juu ya maswali ya hesabu: NIMETOKA KIDOGO. NARUDI SASA HIVI.

Saa saba ikanyamaza. Saa nane ikaanza tena. Saa kumi na moja, kimya.

"Hata pepo wa serikali anaenda lunch," Waceke akacheka.

"Umeniletea majini kwa duka," mamake akanong'ona.

"Majini wa Mombasa wafuate nini huku, mami? Baridi?"

"Shh! Ongea polepole. Inasikia."

Alhamisi, ule mlio ulipoanza, Waceke alijikaza akaingia, akanyoosha kidole akaandika UMETOKA KWENDA WAPI, kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaona mabega ya lile koti yakijaa polepole kama gunia linalomiminiwa mahindi, na mikono yake mitupu ikiinuka juu ya meza, na vitufe vikididimia kimoja kimoja bila kidole chochote juu yake, huku ile harufu ya sufu na sigara ikimwingia mpaka kooni, mpaka skrini ikasema: WALISEMA NI DAKIKA TANO TU.

Akakimbia mpaka ile ofisi mjini. Obiero akamvuta nyuma ya choo.

"Koti ni la Kituyi. Karani wa hapa. Aliuliza mbona mahindi ya msaada wa njaa yameandikwa yamegawiwa na bado yako stoo. Wanaume wawili wakaja. Wakamwambia, kuja, ni dakika tano. Miaka mitatu sasa."

"Na nyinyi?"

"Tuliambiwa koti likae hapo hapo. Mtu akiuliza, ametoka kidogo. Nilichoka kulitazama, ndio nikakupa." Akaangalia kushoto, kulia. "Bibi yake ni Leonida, yuko kule Plateau. Mimi sijakwambia kitu, sawa?"

Ijumaa alfajiri Waceke alikuwa na nauli ya safari moja tu: Ziwa na mitihani, au Plateau na koti. Alienda Plateau. Leonida alinusa kola, akakaa chini.

Kwao, mtu asipopatikana, huzikwa mgomba mahali pake. Kwa miaka mitatu Leonida alikuwa akiwakatalia wazee: "Mimi sikuolewa na ndizi." Siku hiyo alichoka. Jumamosi mgomba ukavalishwa koti, vifungo vikafungwa, ukafukiwa.

Jumatatu, Waceke akakaa mbele ya mashine yake, bila kazi, lakini kwa amani. Saa mbili kamili akahisi unyevu mgongoni. Akageuka. Koti lilikuwa kwenye kiti, limelowa, mifuko imejaa udongo mwekundu, nyuzi za mgomba zimenaswa kwa vifungo. Skrini ikaandika: MMEZIKA MGOMBA. MIMI NIKO WAPI?

Safari hii hakukimbia. Alibeba kiti na koti lake, mchana, watu wakiona, akakiweka mbele ya mlango wa ile ofisi, na karatasi imebanwa kifuani pa koti:

"Nyinyi mliosema dakika tano, zimeisha. Mrudisheni Kituyi. Na kama hawezi kutembea, tuonyesheni mlipomlaza, Leonida azike mtu."