Mguu Nje ya Ukuta

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda mgongo wa Uluguru, Bibi Pili alimfukuza jogoo ndani, akafagia uwanja, akaweka chungu cha uji karibu na mlango, kisha akachungulia gizani.

"Mke mwenzangu, umeamkaje?"

"Shikamoo, bibi. Nimeamka salama," Mwanaheri alijibu.

"Marahaba." Bibi akachukua jembe, akashika njia ya shamba.

Mwanaheri alikuwa mwali. Alipovunja ungo, wakubwa wa ukoo walimweka ndani, kama walivyowekwa mama yake na bibi yake, ili afunzwe mambo ya utu uzima. Kungwi wake alikuwa bibi yake huyo huyo, Bibi Pili, aliyemwita mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu. Mwanaheri aliingia ndani wakati mahindi yanapandwa. Sasa aliyasikia yakikwaruzana majani nyuma ya nyumba, marefu kumpita yeye, na hajaona hata jani moja. Mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Ulikuwa wa matete, hata mbuzi mvivu angeupenya. Lakini neno la wakubwa lilikuwa limekaa pale mlangoni, na neno hilo halikuwa na usingizi.

Mwali hatoki. Mwali hapazi sauti. Zaidi ya yote, mwali halalamiki, maana akilalamika, siku ya kutolewa nje wanawake watamtungia wimbo mbele ya kijiji kizima. Kulikuwa na mwali mmoja zamani aliyelia kwa kuogopa panya. Sasa ni mama wa watoto, na bado akipita kisimani kuna mtu lazima alie kama panya. Mwanaheri hakutaka kuishi hivyo.

Kilichomsaidia asipate wazimu ni tundu. Nyuma ya nyumba udongo wa ukuta ulikuwa umebanduka katikati ya fito, ukaacha nafasi ya kupitisha ngumi. Kila asubuhi rafiki yake Chausiku akitoka mtoni alitua kibuyu chake hapo, akakaa. Kuingia hakuruhusiwa, kwa kuwa yeye hajavunja ungo bado. Bibi Pili alijua habari ya tundu. Akiwa karibu alikohoa kwa nguvu, ili wasichana wapate muda wa kunyamaza na yeye apate sababu ya kutosikia.

"Habari za ndani?" Chausiku aliuliza.

"Njema. Habari za nje?"

"Njema tu. Ila mbuzi wa mjomba wako Stambuli amekula kofia yake."

"Ya mbuzi?"

"Ya mjomba. Mbuzi angekuwa na kofia tungeshaanza kumwamkia."

Mwanaheri aliuma kaniki yake asicheke kwa sauti. Chausiku alikuwa na maneno yasiyoisha. Alisimulia nani kagombana na nani mtoni, na jinsi reli ya Wadachi inavyotambaa bondeni kuelekea Morogoro, mpaka siku ya mwanga mtu akisimama juu ya kilima anaona moshi wake. Kupitia tundu lile Mwanaheri alikijua kijiji kuliko watu waliokuwa wakitembea ndani yake. Ndivyo alivyodhani.

Siku zilivyopita, masimulizi ya Chausiku yakaanza kuwa mafupi. Alihema kabla ya kuanza, kama aliyepanda mlima mara mbili. Akawa na swali moja jipya: jana mwali amekula nini? Mwali hulishwa vizuri, kwa sababu asiponenepa ni ukoo unaoaibika. Mwanaheri alimtajia: ugali, maharage, ndizi, siku nyingine kuku.

"Maharage yalikuwa na karanga?"

"Yalikuwa na karanga."

Baada ya hapo upande wa pili ulinyamaza. Mwanaheri alifikiri anataniwa kwa unene wake, akabadilisha mazungumzo.

Yeye mwenyewe alikuwa na jambo ambalo hakulisema. Lilianza kama mwasho kwenye vidole vya mguu, tena mwasho mtamu, wa kukunwa huku umefumba macho. Akakuna. Baadaye vidole vikavimba, vikatoa vivimbe vyeupe vyenye doa jeusi katikati, na utamu wote ukaisha. Mwanaheri aliikalia miguu yake, akaifunika kwa kaniki. Kila alfajiri bibi alipouliza, alijibu ameamka salama. Chausiku alipouliza, alijibu njema. Hakutaka wimbo.

Kisha mjomba Stambuli akaja kusimama nje ya mlango, bila kuchungulia kama desturi inavyotaka, akatangaza kwamba mahindi yakivunwa tu, mwali atatolewa. Atabebwa mabegani hadi uwanjani, kisha atashushwa acheze kwa miguu yake mwenyewe mbele ya watu wote.

Mwanaheri aliisubiri siku hiyo kama mwenye kiu anavyosubiri zamu yake kisimani. Mjomba alipoondoka alijaribu kusimama. Miguu ilikataa. Alishika nguzo, akajaribu tena, akaanguka juu ya mkeka. Akakaa pale gizani, kuku wakimzunguka, akaelewa kwamba hata mlango ule ukifunguliwa hautamfaa. Nyimbo zitapigwa, watu watasimama, na yeye atatambaa kama mtoto wa kunyonya. Au hatatoka kabisa.

Asubuhi iliyofuata Chausiku alichelewa kuja. Alianza kusimulia habari ya kuku aliyeatamia kiatu cha askari, akafika katikati, akanyamaza. Mwanaheri alisikia kibuyu kikianguka na maji yakimwagika.

"Chausiku?"

Hakuna jibu. Aliita tena, kwa sauti ya mwali. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu awekwe ndani, akapaza sauti kuomba watu waje. Hakuja mtu. Wote walikuwa mashambani wanafukuza nyani kwenye mahindi.

Mlango ulikuwa upande mmoja wa nyumba, Chausiku upande mwingine, na katikati palikuwa na miguu isiyotembea. Mwanaheri akatambaa hadi kwenye tundu. Aliona mkono umelala kwenye tope, mwembamba kama mpini wa mwiko. Akaanza kuubomoa ukuta. Udongo mkavu ulimomonyoka vipande vipande, kucha zikamuuma, mpaka akaweza kupitisha mkono hadi begani. Akalowesha ncha ya kaniki, akampangusa rafiki yake usoni hadi macho yakafunguka. Kisha akatambaa hadi kwenye chungu, akachota uji kwa kata, akarudi kumpitishia.

Chausiku akanywa kata ya kwanza, na ya pili, na nyingine tena, bila kutoa mzaha hata mmoja. Hapo ndipo Mwanaheri alipojua kwamba mambo ni mabaya.

"Baba hayupo," Chausiku alisema. "Akida wa Wadachi alikuja na askari. Wamempeleka kwenye reli."

Mengine aliyasema polepole, akitazama kata. Baba alichukuliwa mahindi yalipokuwa yamefika magotini. Usiku hakukuwa na wa kulinda shamba, nguruwe pori wakamaliza muhogo wote. Mama ana mtoto mchanga na hajapata nguvu. Huko kambini posho ni ndogo, kwa hiyo kidogo kinachopatikana nyumbani Chausiku hukigawa, akashuka nacho bondeni kumpelekea baba, akapanda tena. Mama alimkataza kusema. Shida za nyumba, alimwambia, haziendi kuanikwa kwenye uwanja wa watu.

"Kila siku uliniambia njema," Mwanaheri alisema.

"Wewe umefungwa humo gizani. Nikuletee na shida zangu tena?"

"Na mimi chakula kinanishinda humu. Kinachobaki nawatupia kuku."

Chausiku alikuwa mtu wa kusamehe haraka, lakini hilo la kuku lilimchukua muda. Kisha akasogeza uso kwenye tundu, akakunja pua.

"Mbona umekuja unatambaa? Na kitu gani kinanuka?"

Jibu la hakuna kitu lilikuwa tayari mdomoni kwa Mwanaheri, limekaa pale kwa mazoea. Akalimeza. Akafunua kaniki.

Chausiku alitazama, akavuta pumzi. "Hao ni funza."

Mwanaheri hakuwahi kulisikia jina hilo. Chausiku alilijua kwa sababu kambi ya reli ilijaa watu wanaochechemea. Mdudu huyo huja na miguu ya wasafiri, alieleza, huishi kwenye vumbi na penye mifugo, huingia chini ya ngozi na kutaga mayai. Mwanaheri akakumbuka vijana wawili wa ukoo waliotoka kwenye kazi ya reli wakalala humo humo ndani usiku mmoja, kabla yeye hajawekwa. Akatazama vumbi la sakafu na kuku waliojilaza juu yake.

"Anayewatoa mapema anapona," Chausiku alisema. "Anayeficha anaoza vidole. Nimewaona, Mwanaheri. Lete mguu."

"Mwali hatoki nje."

Chausiku akafikiri kidogo. Uji ulikuwa umeanza kufanya kazi. "Nani kakwambia utoke? Mguu utoke. Wewe baki ndani."

Hakuna kungwi aliyewahi kukataza jambo hilo, kwa kuwa hakuna kungwi aliyewahi kulifikiria. Mwanaheri akalala chali, akaupitisha mguu wa kulia kwenye ukuta. Jua likaugusa. Alikuwa amesahau joto la jua, na kabla hajaanza kulia kwa maumivu alilia kwa joto hilo.

Chausiku aliosha mguu kwa maji yaliyobaki kwenye kibuyu. Akachuma mwiba wa mdimu, akampa Mwanaheri auchome ncha kwenye moto wa jiko lililokuwa karibu naye, akaupokea. Akaanza kazi kama alivyoona ikifanywa kambini: kuizunguka ngozi taratibu, bila kuupasua mfuko wa mayai, na kumtoa mdudu mzima. Mwanaheri aliuma mkeka. Kila funza aliyetoka, Chausiku alimpitisha kwenye tundu ili atupwe motoni.

Wote wawili waliikazia macho kazi hiyo hata hawakusikia nyayo. Bibi Pili alirudi na mzigo wa kuni, akapita nyuma ya nyumba, akajikwaa.

"Nani kaacha gogo hapa njiani?"

"Si gogo, bibi," alisema Chausiku. "Ni Mwanaheri."

Bibi alitua mzigo. Akainama, akaupapasa mguu kwa vidole vyake, kisigino, wayo, kisha vidole kimoja kimoja. Wasichana walingoja wagombezwe. Bibi aliendelea kupapasa kwa muda mrefu, na alipomaliza alikaa chini palepale kwenye tope.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mwanaheri akamweleza kutoka ndani. Chausiku naye akaeleza yake, maana bibi aliushika mkono wake, akasikia mifupa. Bibi hakutunga wimbo. Aliingia ndani, akawatoa kuku wote, akamwagia sakafu maji, akafagia vumbi hadi pembeni, akaweka maji ya moto ya kuoshea miguu. Mguu wa pili ulishughulikiwa siku hiyohiyo, na vidonda vikapakwa mafuta ya nyonyo. Chausiku alipoondoka alikuwa na kikapu cha mahindi na maharage kichwani, na bibi mwenyewe nyuma yake, akienda kuzungumza na mama mtu.

Kesho yake wanawake wa ukoo waliingia na majembe kwenye shamba la mama Chausiku. Mjomba Stambuli na wenzake wakagawana zamu za kulinda nguruwe, na vijana wakagawana zamu za kushuka bondeni na chakula cha baba. Akida hakumwachia baba siku hiyo. Baba alirudi baadaye, zamu yake ya kazi ilipokwisha, amekonda lakini na vidole vyake vyote. Ndani ya nyumba yake alikuta chakula.

Miguu ya Mwanaheri ilichukua muda kupona. Alikuwa bado mwali, na mlango wa matete ulikuwa bado mlango. Ila siku aliyosimama mwenyewe na kuizunguka nguzo ya nyumba, bibi alikaa nje na ungo wa maharage mapajani, Chausiku pembeni yake, akawaambia walichohitaji kusikia.

"Ukiulizwa habari, jibu njema. Hiyo ni adabu, na kuwa hai ni jambo jema kweli. Lakini njema ni kizingiti tu, wajukuu zangu, na mtu hasimami kizingitini siku nzima. Vuka, ingia, sema kilichomo. Mwanaheri, nilikukataza kulalamika. Kusema ugali umepoa, huko ni kulalamika. Kusema mguu unaoza ni kuita watu waje. Na wewe Chausiku, shida uliyoificha ndiyo iliyokuwa na dawa ya mwenzako. Ungemwambia mapema unakokwenda, angejua funza ni nini siku ya kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha njaa, halikadhalika."

Chausiku, ambaye kimya kilimwasha kuliko funza, akageuka.

"Na wewe bibi, habari zako?"

"Njema," alisema Bibi Pili.

Wasichana walingoja avuke kizingiti, mmoja nje, mmoja ndani. Bibi akachota maharage kwenye ungo, akayaacha yadondoke katikati ya vidole.

"Macho," alisema hatimaye. "Tangu masika ya mwaka jana naona moshi tu. Mke mwenzangu, kila asubuhi nilichungulia hapo mlangoni na sikuona kitu. Nilikuwa naitegemea sauti yako."

Mwanaheri aliegemeza kichwa ukutani. Alitaka kusema jambo la kumfariji, na lililomtoka ni jingine.

"Ndiyo maana maharage yana mawe."

Bibi Pili ndiye aliyeanza kucheka. Chausiku akavuta ungo mapajani kwake, akauelekeza kwenye mwanga, akaanza kuchambua.