Vidonge vya Kuzuia Tumbo

Walikutana bandarini, kwenye ukumbi wa abiria, asubuhi ambayo meli tatu zilitia nanga na watu wakawa wanakanyagana. Yeye muuza dawa, koti jeupe, kucha nyekundu. Huyo mwanamume mpishi wa meli ya watalii, shati limenyooshwa kwa pasi, mikono imepasuka kwa sabuni.

"Paka mafuta haya mara mbili kwa siku," muuza dawa alisema.

"Nani atanipaka, dada?"

"Mkeo."

"Ndiye niliyemfuata hapa."

"Toka, unazuia foleni!" Lakini alicheka, na mpishi hakuhitaji zaidi.

Mwaka mzima wakapendana kwa simu, na kwa saa chache kila meli iliporudi. Hatimaye mpishi akaahidi kwamba Jumamosi angekwenda kujitambulisha kwa baba mtu.

Alhamisi akapiga simu. "Mpenzi, tumbo linaniendesha tangu jana. Nikimwambia nesi nitafungiwa chumbani siku mbili. Sitashuka."

"Baba ameshaalika ndugu, wewe! Uso wangu niuweke wapi? Meza vile vidonge vya kuzuia kuhara nilivyokupa, unyamaze."

"Napakulia watu chakula, laazizi."

"Nawa mikono basi. Kuumwa tumbo ni ajabu?"

Mapenzi yalimpofusha muuza dawa, sawa, lakini ile ilikuwa kazi yake na alijua hatari yake.

Jumamosi mpishi hakutokea. Ndugu walikula wakaondoka. Simu ilikuwa haipatikani siku tatu, na muuza dawa akalia kwa hasira na aibu.

Siku ya nne ikaita.

"Uko kwa mwanamke gani?"

"Niko melini. Tumekatazwa kutia nanga. Watu mia mbili wanatapika. Yule dobi ninayelala naye chumba kimoja amefariki asubuhi. Maji yalimwishia mwilini. Nilipotetemeka alinifunika blanketi lake. Nilimwambia ni uchovu tu."

Muuza dawa alikaa sakafuni katikati ya makasha ya dawa.

"Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."

"Na mimi nikanyamaza."

Wiki iliyofuata mpishi alishuka, amekonda, shati linampwaya, mabegi mawili mikononi. Muuza dawa alimkumbatia mbele ya umati, wakalia bila haya.

"Twende nyumbani. Baba atakuelewa."

"Kwanza nampelekea mama yake dobi begi la mwanawe. Nitamwambia kila kitu."

"Twende wote."

"Akiniuliza wewe ni nani wangu?"

Muuza dawa akalichukua begi la marehemu.

"Mwambie ni mimi niliyetoa vidonge."