Pumba Nyeusi na Bata wa Haripada

Asubuhi hiyo Shefali alisikia bata wakilia uani, akajua kuna kesi. Jirani yake, Mzee Haripada, alikuwa amesimama na bata wawili kwapani. Zamani walikuwa weupe. Sasa walikuwa wa rangi ya waridi mpaka mkiani, kama uzi aliokuwa akiutia rangi Shefali.

"Mkwe wetu, hebu niambie," alisema, maana kijijini mke wa jirani huitwa mkwe. "Hawa nao ni uzi wako?"

Nimai, mume wa Shefali, aliangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Maji yenu ya rangi mnayamwaga bwawani, na bwawa ni letu sote. Tunaoga humo, tunavua humo. Wazee wameamua. Jumapili tukikuta rangi bwawani, pipa lenu la rangi linafungwa."

Sikukuu ya mungu wa kike Durga, msimu wa kuuza sari mpya, ilikuwa karibu. Bila uzi wa rangi, wangefuma sari gani?

Shefali alimkimbilia Jhuma, mtaalamu wa chama cha wafumaji.

"Wifi, pumba za mpunga unazo?" Jhuma aliuliza.

"Tele! Pale kwenye mashine ya kukobolea ni mlima."

"Zichome, halafu uchuje maji ya rangi kwazo."

Shefali alichoma magunia matatu. Alichochea moto mpaka pumba zikawa nyeupe, laini kabisa. Akachuja. Maji yakatoka mekundu vilevile. Alikaa chini akalia.

Jhuma alipofika, alichota majivu yale akacheka.

"Wifi! Haya si ya kusugulia sufuria?"

"Si ulisema nichome?"

"Kosa langu, sikueleza vizuri. Tunataka makaa. Makaa yana vitundu vingi vidogo, macho hayavioni. Rangi inanasa humo. Wewe umechoma mpaka makaa yameisha!"

Safari hii walijaza pumba kwenye debe, wakalifunika, wakaacha tundu dogo la moshi. Wakaliweka motoni. Moshi ulipokwisha, waliliepua bila kulifunua mpaka likapoa. Pumba zilikuwa nyeusi tii. Walizisuuza vizuri. Kisha wakachukua pipa lenye bomba chini, wakapanga kokoto, mchanga, na juu makaa ya pumba. Shefali akamimina maji mekundu polepole.

Tone la kwanza likadondoka kwenye bilauri. La pili. Maji meupe!

"Nimai! Njoo uone! Njoo haraka!" Shefali alirukaruka kwa furaha.

Nimai alikuja mbio, akapeleka bilauri mdomoni. Jhuma alimpiga mkono.

"Usinywe, kaka! Rangi imetoka, lakini chumvi na dawa za kutilia rangi bado zimo. Yatumie kuoshea uzi tena. Maji yakianza kutoka na rangi, makaa yamechoka, weka mengine. Yaliyochoka usitupe bwawani wala shambani. Yatie guniani, chama kitayachukua."

Tangu siku hiyo hawakumwaga hata kikombe bwawani. Mvua ikanyesha siku tatu, bwawa likafurika maji mapya.

Jumapili wazee walikusanyika. Mzee Haripada alileta bata wake wa mwisho aliyebaki mweupe, akamwachia majini. Shefali alimfuata kwa macho. Bata alizama, akaibuka, akazama tena. Hatimaye alipanda ukingoni akajikung'uta.

Mweupe pee!

Watu walishangilia. Mzee Haripada alimsogelea Shefali, akashusha sauti.

"Mkwe wetu, ile rangi ya bata..."

"Nisamehe, baba."

"Usiniombe msamaha. Mke wangu ameipenda. Mfumie sari ya sikukuu."