Siku Televisheni Ilipohamia Jikoni

Nyumbani kwetu wananiita Kiberiti. Wanasema nawaka kwa jambo dogo. Mimi nasema si dogo hata kidogo, ila wao hawalioni kwa sababu wamekaa sebuleni, na jambo lenyewe liko jikoni.

Kila Ijumaa jioni ilikuwa hivi. Baba, ambaye ni fundi magari, akirudi kutoka gereji hunawa grisi mikononi, hubadili shati, kisha hujitupa kwenye kochi. Kaka yangu huwasha televisheni. Tulikuwa tunafuatilia tamthilia ya mjane mmoja mwoka mikate, Mama Mkate, aliyenyang'anywa duka na shemeji zake mumewe alipofariki. Tuliipenda kupita kiasi, hata tukajiwekea desturi: wanachokula waigizaji ndicho tunachokula sisi, tena wakati uleule. Mwisho wa kila sehemu huonyeshwa vipande vya wiki ijayo, naye kaka hutuambia, kwa hiyo tulijua mapema kama zamu ni ya supu ya kuku au ya viazi vya kuoka.

Ninaposema "tulijua", nina maana mimi na mama. Mama anashona nguo za watu tangu asubuhi. Ijumaa akizima cherehani, anaingia jikoni na mimi nyuma yake. Kaka hukaa karibu na mlango, na waigizaji wakivuta tu viti mezani, anapiga kelele, "Wameketi!" Hapo sisi mbio na sahani.

Raha iliyoje! Raha kwa waliokaa. Sisi tukishapakua, tukaleta maji, tukaongeza mchuzi, tukarudi kusugua masufuria, wimbo wa mwisho unalia. Tamthilia nzima tuliijua kwa masikio, kupitia ukuta.

"Huyu Mama Mkate lazima awe pande la mwanamke," mama alizoea kusema huku akimenya viazi. "Kwa sauti nzito hii! Shemeji hawamwezi."

"Kwa nini usiende ukamwone, Mama?"

"Na huku chakula kiungue? Nani atakugeuzia nyama?"

Basi sehemu ya mwisho ikaangukia siku ya sikukuu. Wiki moja kabla, nilimfuata baba. "Baba, siku hiyo mimi na mama tunataka kutazama. Tangu mwanzo mpaka mwisho, tukiwa tumekaa."

Baba akacheka. "Bila shaka, mwanangu. Ila jitahidini mmalize kazi mapema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Tukainama. Siku ya sikukuu tuliamka kabla ya jogoo. Tulikanda unga, tukaoka mkate mkubwa uliosukwa kama nywele, sawasawa na ule wa Mama Mkate. Tukapika kuku wa sikukuu na wali. Jioni kila kitu kilikuwa tayari kimefunikwa mezani, na mama akavua aproni, akajipaka mafuta usoni. Nilimwona akijitazama kwenye kioo, nikafurahi mno.

Mara hodi! Mjomba, kaka yake mama, amewasili. Mjomba ni kinyozi, tena ana mdomo mkali kuliko mkasi wake. Alifunua sahani moja, akafunua ya pili.

"Samaki yuko wapi?" akauliza. "Shemeji, si uliona wiki iliyopita? Mwisho wanakula samaki wa kukaanga! Au leo mnakiuka desturi?" Kumbe safari hii kaka alisahau kutuambia.

"Kweli kabisa!" akasema baba. "Kiberiti, wamo samaki kwenye friji. Mwambie mama yako awakaange haraka."

"Baba, uliahidi."

"Dakika mbili tu, mwanangu."

Dakika mbili! Samaki wenyewe walikuwa na magamba yao yote, kama waliotoka majini jana. Nikarudi sebuleni. "Baba, hawajakwanguliwa magamba, na tamthilia inaanza."

"Naona, naona," akasema, macho kwenye televisheni.

Nikamgeukia kaka. "Njoo basi tusaidiane."

"Mimi nina kazi," akajibu. "Nangoja waketi."

Kazi! Nilihisi kichwa kinachemka. Lakini kilichoniwasha hasa si maneno ya kaka. Nilipoingia jikoni, mama alikuwa amekwisha kuifunga tena ile aproni. Alikuwa amemshika samaki mkiani, anakwangua, na mafuta aliyojipaka usoni yamerukiwa na magamba.

Nikarudi sebuleni. Sikuomba, sikulia. Nilichomoa waya ukutani, nikaikumbatia televisheni na kiantena chake, nikaondoka nayo.

"Kiberiti!" baba akanguruma. "Una wazimu?"

"Sina wazimu, nina samaki!"

Walinifuata wote watatu wakisukumana mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kuiweka juu ya kabati la vyombo, mbali na maji na moto, nimesimama mbele yake mikono kiunoni.

"Jamani, mjane wa watu anarudishiwa duka sasa hivi!" mjomba akalia. "Washeni!"

"Toka hapo, wewe mtoto!" baba akasema, amekunja uso.

Mama akaweka kisu chini. Nilidhani nitakemewa mimi. Yeye akamtazama baba.

"Mwache mtoto," akasema. "Baba watoto, wewe si ulisema mtaka cha mvunguni sharti ainame? Samaki hawa hapa. Inameni."

Baba akachukua kisu.

"Mkono wangu ni wa kunyoa," mjomba akalalamika.

"Basi wanyoe samaki, Mjomba," nikamjibu. Hata baba alishindwa kujizuia, akacheka. Kaka nikampa vitunguu, alie vizuri.

Nikaiwasha televisheni. Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye kioo akatokea mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye unga mikononi.

"Ni nani huyo?" mama akauliza.

"Si ndiye Mama Mkate!" kaka akasema, machozi ya vitunguu yakimtiririka.

"Huyu? Mbona kadogo hivi?" Mama akasogeza ndoo mbele. "Miezi yote hii nakula naye, na sura yake ndiyo kwanza naiona."

Baba aliacha kukwangua. Alimtazama mama, kisha akarudi kwa samaki wake.

Mama Mkate alipopewa funguo za duka, mama alipiga makofi kama mtoto. Kisha waigizaji wakavuta viti, na kaka, kwa mazoea, akapaza sauti, "Wameketi!"

Hakuna aliyekimbia na sahani.

"Na mimi nimeketi," mama akasema, macho hayabanduki.

Baba ndiye aliyepakua. Samaki alikuwa ameungua upande mmoja na magamba mawili matatu yamebaki, lakini mama alikula wa kwanza, akiwa amekaa.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, baba aliniita. "Kuchomoa televisheni mbele ya wakubwa si adabu."

"Nilisema, Baba. Mara tatu."

"Ulisema," akakubali, "na mimi sikusikia. Hilo ni kosa langu, si lako." Akawageukia wengine. "Kila Ijumaa nimemsikitikia mjane aliyenyang'anywa duka, kumbe humu ndani nimemnyang'anya mama yenu kiti. Sherehe ambayo hawa wanapika na wale wanakula si sherehe ya familia. Kuanzia leo, kila anayekula atafanya kazi, na kila anayefanya kazi ataketi."

"Hata mimi?" kaka akauliza.

"Wewe ndiye wa kwanza. Masufuria yale pale."

Mjomba akaanza kutafuta kofia yake taratibu, lakini mama alimkabidhi kitambaa cha kufutia vyombo.

Mimi nikamshika mama mkono, tukaenda sebuleni, tukajinyoosha kwenye kochi, yeye upande wa baba na mimi upande wa kaka. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mpaka jikoni:

"Tumeketi!"