Chini Anajibu

Mimi ni fundi ujenzi. Najua mchanga, saruji na wenye nyumba wasiojua wanachotaka. Mambo ya kompyuta siyajui. Lakini haya nitakayosema, nusu niliyaona kwa macho yangu, na nusu nilisimuliwa na dada yangu wa tumbo moja, mtu ambaye hata utotoni alishindwa kudanganya tukachapwa wote wawili. Asiyetaka kuamini, asiamini. Ukuta upo, akautazame.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua la asubuhi, mabomba yanavuma, watu wamenuna kama watu walio kazini. Nilikuwa nje ya kituo cha pampu za maji, narekebisha ngazi za tangi. Dada alikuwa ofisini kwake ghorofani, dirisha lake liko wazi juu ya kichwa changu.

Kazi yake ni kutunza kanzidata ya kituo. Alinieleza hivi: kila kitu pale, pampu, feni, mlango, kadi ya mfanyakazi, kimeandikwa ndani ya kompyuta, na hiyo kompyuta ndiyo inayotoa amri. Ikiandikwa mlango ufungwe, unafungwa. Kama kadi yako haijaandikwa, hupiti hata ukilia.

Zamani kazi hiyo waliifanya wawili, yeye na mumewe. Shemeji alikuwa fundi umeme. Yeye alizunguka vyumba vya chini ya ardhi na redio ya mkononi, Dada alikaa juu mbele ya skrini. Kwenye redio mke aliitwa Juu, mume aliitwa Chini. "Chini, pampu ya pili?" "Ipo." "Feni ya ukutani?" "Ipo, inazunguka." Walikuwa na sheria moja: Juu hasahihishi kitu mpaka Chini akiguse kwa mkono wake. Wenzao waliwatania kwamba hata nyumbani wanaishi hivyohivyo, na haikuwa uongo, maana nimekula kwao mara nyingi. Dada akiwa jikoni angeuliza, "Chini, chumvi?" Na shemeji, kabla ya kujibu, angekohoa kidogo kama kawaida yake, halafu aseme, "Ipo."

Shemeji alifia kwenye chumba cha betri. Betri zile kubwa hutoa hewa mbaya, ndiyo maana chumba huwekewa feni. Feni ilikuwa imekufa, na mlango ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe. Shemeji aliripoti yote mawili, Dada akayaingiza kwenye kanzidata, Meneja akasema subirini. Wakasubiri. Siku mlango ulipojifunga shemeji akiwa ndani, kadi pekee ya kuufungua kwa nguvu ilikuwa mfukoni mwa Meneja, na Meneja alikuwa kikaoni, ameshasema asisumbuliwe. Dada alimsikiliza mumewe kwenye redio mpaka redio ikanyamaza.

Msibani Meneja alisimama na tai yake akatuambia ajali haina kinga. Kinga ilikuwa feni! Nilitaka kumrushia kiti, mama akanishika mkono.

Baadaye waliondoa betri, feni na mlango, wakaniita mimi niuzibe uwazi kwa tofali. Mimi, shemeji wa marehemu. Nilikubali kwa sababu sikutaka mtu mwingine aje afanye ovyo. Nilifagia chumba mwenyewe, nikajenga kwa tofali nzima, na mwisho nikabonyeza dole gumba kwenye saruji mbichi, kiungo cha katikati. Nafanya hivyo kwa kila kazi yangu. Ndiyo sahihi yangu.

Sasa rudi kwenye asubuhi ile. Seva ilikuwa imeungua usiku, kanzidata yote imepotea, na ilibidi irudishwe kutoka kwenye nakala za akiba. Nakala zilikuwa mbili: ya juzi, na ya zamani sana, tangu shemeji yu hai.

"Hii ya juzi ni nzima, nimeifungua," nilimsikia Dada akimwambia Meneja.

"Rudisha ya zamani."

"Ya zamani haina ripoti za ubovu wa feni wala mlango, bosi."

"Ndiyo maana nimesema ya zamani. Wakaguzi wanakuja."

Dada ana mtoto shuleni na nyumba ya kupanga. Mwenye nguvu mpishe. Akairudisha ya zamani.

Shida ya nakala ya zamani ni kwamba ni kama mtu aliyeamka baada ya kulala muda mrefu: anajua yale tu aliyolala akiyajua. Kwa hiyo lazima uioanishe na kituo kilivyo sasa. Kompyuta inakuonyesha kila tofauti, halafu inakuuliza: ifuate kumbukumbu, au ifuate hali halisi? Ukichagua hali halisi, maandishi yanarekebishwa yafanane na vitu. Ukichagua kumbukumbu, vitu vinalazimishwa vifanane na maandishi.

Na tofauti zilikuwepo. Chini sasa alikuwa kijana mwingine, fundi mpya, ambaye kila mtu alimwita Mgeni. Kwa nakala ile, Mgeni alikuwa hajaajiriwa. Hakuwemo kabisa. Shemeji alikuwemo, mzima, kadi yake bado inafanya kazi.

Kwenye orodha ya tofauti, Dada aliuacha mstari wa mumewe uwe wa mwisho. Hakuna wa kumlaumu.

Wakaanza. "Chini, pampu ya kwanza?"

"Ipo," alijibu Mgeni.

"Chumba cha betri?"

"Hakipo, dada. Hapa kuna ukuta."

"Kipo," redio ikasema.

Dada alikunja uso. "Mgeni, usinitanie na chumba hicho."

"Sijasema kitu, dada."

Redio ilikwaruza. Halafu, bila mtu kuuliza, sauti ikanong'ona, "Feni ipo. Haizunguki."

Dada akaondoa mkono kwenye kipanya. Wakati huohuo Meneja aliingia na kikombe chake cha chai, akataka kujua kwa nini hawajamaliza.

"Bosi, tuna tofauti ambazo sizielewi."

"Zote weka zifuate kumbukumbu."

"Kuna mtu chini! Kadi yake haimo humu."

Meneja aliinama juu ya bega lake, akamnyang'anya kipanya, akabonyeza. Zote. Kwa mara moja.

Mimi kule nje nilisikia pampu zikinyamaza. Kituo kizima kikanyamaza. Halafu zikawaka zote pamoja, tangi likatetemeka mpaka mwiko wangu ukaanguka, na chini ya ardhi milango ikajifunga mmoja baada ya mwingine.

"Chini!" Dada alipiga kelele. "Chini, jibu!"

Mtu alikohoa kidogo.

"Nakupata, Juu."

Niliisikia mimi, dirishani, mchana kweupe. Sauti ile nimekula nayo meza moja.

"Mgeni yuko wapi?" Dada aliuliza. Alikuwa ananong'ona.

"Ninaye hapa."

Sauti ikaendelea: "Mlango umejifunga, Juu."

Halafu: "Feni haizunguki. Hewa mbaya."

Yalikuwa maneno yaleyale ya siku aliyokufa, kwa mpangilio uleule. Ila safari hii nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine anayekohoa. Huyo alikuwa Mgeni.

Dada akatokeza kichwa dirishani. Sitausahau uso ule. "Chukua nyundo! Nenda kwenye ukuta wako!"

Meneja alikuwa amesimama katikati ya ofisi, kadi yake mkononi. Mlango wa kuufungua kwa kadi haukuwepo tena.

Nilishuka mbio. Korido ilikuwa na mwanga mmoja tu, tochi ya Mgeni, imelala sakafuni, inamulika ukuta wangu. Pembeni yake kiatu kimoja. Ukuta ulikuwa mzima. Hakuna ufa. Dole gumba langu lilikuwa pale pale.

Niliweka sikio. Ndani, mtu alikuwa anagonga.

Nikapiga nyundo. Ikarudi. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote. Hata vumbi halikutoka. Tofali nilizozipanga kwa mikono yangu zilinikatalia.

Juu, Dada alikuwa anarudisha mstari mmoja mmoja. Chumba cha betri: fuata hali halisi. Feni: fuata hali halisi. Mlango: fuata hali halisi. Kikohozi kwenye redio kilikuwa kinafifia. Ukabaki mstari wa mwisho.

Fundi umeme. Kwenye kumbukumbu: yupo. Kwenye eneo: hayupo.

Sheria ni sheria. Juu hasahihishi mpaka Chini ajibu. Dada akainua redio.

"Chini. Fundi umeme?"

Alikohoa kidogo kwanza.

"Yupo." Halafu, chini kabisa, "Usinifute, mke wangu."

Kwenye redio hakuwahi kumwita hivyo. Hata mara moja.

Mgeni hakukohoa tena.

"Hayupo," Dada akasema, na akabonyeza.

Nyundo yangu ikazama. Tofali zikafumuka kama biskuti, nikaingia na mikono, nikamkuta Mgeni amechuchumaa kona ya mbali, midomo ya buluu, lakini anapumua. Nilimburuta hadi koridoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa baridi kuliko mwili wote.

"Alinishika muda wote," alisema alipopata pumzi. "Alikuwa ananiuliza kwa nini mimi naruhusiwa kutoka."

Nilikuwa natazama kipande cha ukuta kilichoangukia miguuni mwangu, kile cha kiungo cha katikati. Upande wa nje kilikuwa na dole gumba langu. Nikakigeuza. Upande wa ndani, mkabala na langu, kulikuwa na dole gumba jingine, limebonyezwa saruji ikiwa bado mbichi. Nikajaribu kuingiza langu. Lilipwaya.

Chumba kile nilikifagia mwenyewe kabla ya kujenga. Hapakuwa na mtu.

Wakaguzi walikuja, wakakuta kumbukumbu safi, wakampongeza Meneja. Mgeni aliandikiwa barua ya onyo kwa kuingia eneo lililofungwa bila kibali. Hakungoja hata kuisoma. Mimi waliniita nizibe tena ule uwazi, nikawajibu jibu lisilofaa kuandikwa hapa. Wakamleta fundi mwingine, na ukuta wake umepinda.

Dada bado yuko pale. Kuna siku nilimuuliza kwa nini haondoki, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mara ya kwanza alikufa nikimsikiliza," alisema. "Mara ya pili nimemuua mimi. Niende wapi?"

Wiki iliyopita nilimpitia ofisini wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa peke yake, sahani mbele yake. Akaniambia kila siku huoanisha kanzidata na kituo, kila kitu hukubaliana, hubaki tofauti moja tu. Akanigeuzia skrini nione.

Fundi umeme. Kwenye kumbukumbu: hayupo. Kwenye eneo: yupo.

Chini ya maneno hayo kulikuwa na vitufe viwili, vinasubiri.

"Huwa unabonyeza kipi?" niliuliza.

"Sibonyezi."

Akafunua sahani yake, akaonja, akavuta redio ya zamani ya shemeji iliyokuwa mezani. Niliona nyuma yake pako wazi. Betri haikuwemo. Aliiinua hadi mdomoni taratibu.

"Chini," akanong'ona, "chumvi?"

Sikuaga. Nilishuka ngazi mbiombio ili jibu lisinikute pale, na nilikuwa nimefika kwenye ngazi ya mwisho niliposikia mtu akikohoa kidogo.